Jiwe Lililokunywa: Ghawar na Hesabu za Akiba ya Mafuta



Nimekuja na kipande cha jiwe la matumbawe, la aina ileile iliyojengewa nyumba za kale za Bagamoyo. Nalidondoshea maji. Mnaona, tone halikai, linazama. Aliyekulia pwani anajua kwamba ukuta wa matumbawe hunywa mvua. Ila tukisikia “kisima cha mafuta”, sote tunaliona dimbwi jeusi ardhini, linangoja ndoo. Hakuna dimbwi. Kuna jiwe lililokunywa.

Jiwe kubwa kuliko yote ya aina hiyo liko Ghawar, mashariki mwa Saudi Arabia. Mafuta yake yaligunduliwa mwaka 1948, yakaanza kutolewa 1951. Ukilipima urefu ni kilomita 280 hivi. Ni mwamba wa chokaa wa enzi za dinosaria, na juu yake kuna tabaka la anhidraiti, ndugu wa jipsamu tunayopambia dari. Tabaka hilo halipitishi kitu. Lisingekuwapo, mafuta yangepanda na kupotelea hewani kabla binadamu hajazaliwa.

Akiba haiozi, tunasema, na neno hilo “akiba” ndilo linalotupoteza. Mchele ukiwa ghalani unauchota upendavyo. Mafuta ya mwambani hutoka kwa kasi ya mwamba: mgandamizo unayasukuma, na kadiri unavyoyatoa ndivyo mgandamizo unavyopungua. Ndiyo maana tangu miaka ya 1960 Ghawar inasukumiwa maji pembezoni, yaingie chini ya mafuta na kuyapandisha. Baadaye yakaletwa maji ya Ghuba yenyewe, yakisafishwa kwanza, kisha yakasafirishwa kwa mabomba. Jangwa linanyweshwa bahari ili litapike mafuta. Mhandisi wa pale halali akiwaza mafuta tu; anawaza maji yamefika wapi, kwa sababu yakishafika kisimani, kila pipa linalopanda linakuja na sehemu yake ya maji.

Sasa, Ghawar hutoa kiasi gani? Kwa miaka mingi ilikuwa siri. Wengi walitaja mapipa milioni 5 kwa siku. Mwaka 2005 Matthew Simmons, mtu wa benki wa Houston, aliandika kitabu kizima akionya kwamba visima vya Saudia vinakaribia kuchoka. Kisha, Aprili 2019, Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudia, ikataka kukopa kwa hatifungani, ikabidi ifungue daftari: uwezo wa juu wa Ghawar ulikuwa milioni 3.8 kwa siku, na akiba iliyobaki ilikuwa mapipa bilioni 48 hivi. Dunia nzima hutumia takriban milioni 100 kwa siku. Mniruhusu kinyongo kidogo: wanasayansi tuliuliza miaka nenda rudi, aliyejibiwa ni mkopeshaji.

Na mwamba ukichoka, huchoka haraka. Mexico ilikuwa na eneo la mafuta la Cantarell, lililopewa jina la mvuvi Rudesindo Cantarell, aliyelalamika kwamba nyavu zake zinachafuliwa na mafuta. Wamexico wakasukuma humo gesi ya naitrojeni kwa wingi, na mwaka 2004 yakatoka mapipa zaidi ya milioni 2 kwa siku. Kufikia 2012 hayakufika hata 500,000.

Nayataja haya kwa sababu ya Uganda, na bomba la kilomita 1,443 la kutoka Hoima hadi Tanga. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Yakipoa huganda kama mafuta ya nazi Lushoto mwezi wa Julai, kwa hiyo bomba lote lazima lipashwe moto. Magazeti yetu hupenda kuandika mapipa bilioni 6.5. Hayo ni yaliyomo mwambani. Yanayotarajiwa kutoka ni bilioni 1.4 hivi. Juzi mwanafunzi mmoja aliniuliza, kwa hasira ya kweli, nani amekula hizo nyingine. Nikampa jiwe hili, nikamwambia alikamue.