Hasira za Wachambuzi na Amani ya Mpakani



Tumeombwa kusema machache juu ya wachambuzi wa siasa wanaofoka kwenye televisheni kila jioni. Kutoa maoni ni haki yao. Hofu yetu huanza pale mchambuzi anapoacha kupinga sera akaanza kulitukana kabila.

Ikumbukwe redio RTLM ya Rwanda. Mwaka 1993 iliingia hewani kwa muziki mzuri na mizaha, vijana wakaipenda. Waliokwisha kuzoea kucheka nayo hawakushtuka ilipowaita majirani zao "mende". Mwaka 1994 ikasoma majina ya watu wa kuwindwa. Mmoja wa watangazaji wake, Georges Ruggiu, alikuwa Mbelgiji. Alikamatwa Mombasa mwaka 1997, akakiri makosa mbele ya Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha, na mwaka 2000 akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Mgeni kabisa! Hasira aliyoieneza haikuwa hata ya kwao.

Hapa petu ukoo mmoja una watu pande zote mbili za mpaka. Neno lililofokwa studio jioni, asubuhi liko sokoni kwenye simu za mkononi, tena limekatwa kichwa na mkia. Kabla ya kulisambaza, mwulizeni aliyelileta: lilisemwa lini, na lilitanguliwa na maneno gani? Likiwa linataja watu wa kushambuliwa, lileteni kituoni siku hiyo hiyo. Jina la mleta habari tutalihifadhi.