Plagi Ncha Mbili

Jumapili nilikuwa Mtwapa, kwa ndugu yangu mmoja mwenye boti ya kuvulia. Alinionyesha anavyochaji betri: waya umetoka kwenye soketi gatini, ukapita dirishani hadi kwenye chaja. Dirisha halifungiki, mvua inaingia, na bila betri pampu ya kutoa maji haifanyi kazi.

"Kaka, si uweke tundu la nje?" nikamwuliza.

Alijibu kwamba fundi atafunga soketi ya kawaida ubavuni, na kumtengenezea waya wenye plagi ncha zote mbili.

Nilishtuka. Waya huo ukichomoka upande wa boti, meno yanabaki wazi na volti 240, na wewe umesimama miguu imelowa maji ya chumvi! Kifaa halisi cha kazi hiyo hukaa kinyume. Meno yasiyo na umeme yamo kwenye boti, chini ya kifuniko. Waya wa gatini ndio wenye matundu. Nyuma yake hufungwa swichi ya kukata umeme ukivuja miliampea 30, na waya wa ethi hauachwi.

Fundi asema ni ghali. Nimemsihi ndugu yangu angoje mwisho wa mwezi, dirisha libaki wazi.