Mzigo wa Mama Tuuchukue Pamoja



Asubuhi kama hii, hapa Marereni, twamwona mama mwenye mimba ya miezi saba akitoka kuteka maji. Kichwani ana mtungi wa lita 20. Huo ni mzigo wa kilo 20. Akiutua, atakwenda kulima, au kwenye mashamba ya chumvi, ainame juani mpaka alasiri. Kisha akijifungua mtoto mdogo sana, sisi majirani huulizana, “Amefanya nini huyu?” Wengine husema ni laana, wengine husema amerogwa.

Wauguzi watufundisha vingine. Mtoto aliyezaliwa na uzito wa chini ya kilo mbili na nusu ana hatari kubwa ya kuugua na kufa kuliko wenzake. Sababu ni malaria, upungufu wa damu, safura, njaa, kazi nzito, mimba za kufuatana, na wasichana kushika mimba miili yao haijakomaa. Malaria hujificha katika kondo la nyuma ikamnyima mtoto chakula, hata mama asipoona homa.

Dawa ipo. Mwaka 1999 watafiti wa Kilifi walitangaza kwamba wanawake wa mimba ya kwanza waliopewa dawa ya SP kliniki walipatwa na upungufu mkali wa damu kwa uchache kuliko wasiopewa. Lakini mama atapewaje, ikiwa kliniki anafika mwezi wa saba? Nauli i mkononi mwa mume. Na chakula kikipakuliwa, kipande cha samaki ni cha baba. Mama hubakiwa na sima na mchuzi.

Ndugu, tuseme kweli. Mtoto huyo akifa, sisi kanisa twachanga upesi sanda na chai ya waombolezaji. Lakini nauli ya kliniki, mimba ilipokuwa ya miezi mitatu, hatukuichanga. Twalifungulia kaburi mkono, na uhai twaufungia.

Katika Kutoka 17 twasoma habari za Musa. Mikono yake ilipolemewa, Haruni na Huri hawakumlaumu kwa kuchoka. Walimketisha, wakamtegemeza mpaka jioni, na Israeli wote wakaokoka. Mama mjamzito naye amechoka. Haruni wake ni nani?

Basi wiki hii tuanze. Baba, mtungi uchukue wewe. Mama mkwe, mkaza mwana wako mpakulie kunde, mchicha na samaki kabla ya wengine. Alale ndani ya chandarua. Wazee wa kanisa, tutenge sanduku dogo la nauli ya kliniki. Binti aliyepata mimba nyumbani tusimfukuze, tumsindikize akapimwe. Na mtoto mdogo akiisha kuzaliwa, tusimfiche. Afungwe kifuani pa mamaye, ngozi kwa ngozi, anyonye mara kwa mara, naye apelekwe hospitali bila kukawia.

Tuombe. Ee Baba, utusamehe tuliowalaumu mama zetu kwa mizigo tuliyowatwika sisi. Utupe mikono ya kuwategemeza, ili watoto wetu wazaliwe na nguvu. Katika jina la Yesu. Amina.