Kodi ya miezi sita jijini Dodoma

Msikilizaji, baada ya taarifa ya habari, tubaki kidogo Dodoma. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kuhamishia huko makao makuu ya serikali. Uamuzi ukalala miaka mingi, hadi Rais John Magufuli alipousukuma mwaka 2016. Miaka miwili baadaye manispaa ikawa jiji. Wizara zikajengewa ofisi katika eneo la Mtumba, watumishi wakafuata, na chumba cha kupanga kikawa lulu.

Kwa nini jambo hili linakuhusu? Kwa sababu mwenye nyumba hapimi mfuko wa mama lishe wa Majengo, anapima mshahara wa mtumishi aliyetoka Dar es Salaam. Tena mara nyingi anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo! Dereva wa bodaboda, anayepata riziki yake siku kwa siku, aitoe wapi? Anahamia pembezoni, kodi inapungua, halafu nauli inaitafuna nafuu yote.

Sasa tuugeukie upande wa pili. Ujio huo huo wa watumishi umeleta wateja. Fundi ujenzi ana kazi, muuza nyanya wa soko la Sabasaba ana wanunuzi, na mwenye nyumba naye ananunua saruji na nondo kwa bei ya soko. Ukimwekea ukomo wa kodi, huenda akaacha kujenga. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kudai nusu mwaka kabla mpangaji hajalala hata usiku mmoja, kwa maoni yangu, hakuna utetezi.

Je, wabunge wanaokutana humo humo Dodoma watakubali kutunga sheria ya kodi ya mwezi kwa mwezi?