Nyumba Inayokua kwa Juu

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za paa. Labda mtu atasema, "Paa lina habari gani? Kazi yake ni kuzuia mvua na jua, basi." Lakini sisi tufundishao katika chuo cha walimu tumeona ya kuwa mara nyingi chini ya paa mna chumba kizima ambacho mwenye nyumba hakijui, naye huku alalamika kwamba nyumba haimtoshi.

Dari si jambo geni kwetu. Katika nyumba nyingi za shamba huwekwa uchaga wa miti juu ya meko, na mahindi hukaa pale katika moshi ili wadudu wasiyaharibu. Mahindi hayana haja ya kusimama wima, wala hayataki mwanga, wala hayanung'uniki kwa joto. Lakini mtu ahitaji kusimama, ahitaji mwanga, na ahitaji hewa. Basi swali letu la leo ni hili: mtu akitaka kuwalaza watoto wake mahali palipowekwa mahindi, afanyeje?

Watu wa nchi za baridi walilijibu swali hili zamani sana. Huko mvua na theluji huanguka kwa wingi, na paa lililolala hulemewa. Kwa hiyo walizoea kujenga mapaa yaliyosimama sana. Paa la namna hiyo huacha nafasi kubwa chini yake. Basi mafundi wakakata tundu katika kipaa, wakajenga hapo kama kijumba kidogo chenye dirisha lililosimama wima, na juu yake paa dogo la peke yake. Ukilitazama kwa mbali, ni kama jicho lililofumbuliwa katika paa. Sisi tutaliita dirisha la paani. Huko Ufaransa, fundi mkuu wa majengo François Mansart, aliyezaliwa mwaka 1598 na kufa mwaka 1666, alipenda sana paa lililokunjwa, ambalo sehemu yake ya chini husimama karibu kama ukuta. Paa hilo likaitwa kwa jina lake, ingawa si yeye aliyelijenga kwanza, na madirisha ya paani hupangwa katika ile sehemu iliyosimama.

Na tutaje namna mbili za madirisha haya. La kwanza ni dogo, lina mwamba wake na vipaa vyake viwili vidogo. Hilo huleta mwanga na hewa, lakini nafasi haiongezi sana. La pili ni refu, lina kipaa kimoja tu kilicholala kidogo, na huweza kuenea karibu urefu wote wa nyumba. Hilo ndilo liongezalo nafasi.

Na tufanye hesabu. Wanafunzi, chukueni kalamu. Nyumba ina upana wa futi 24, na mwamba wa paa uko futi 10 juu ya sakafu ya dari. Paa lashuka kutoka mwamba hata sakafuni pande zote mbili. Je, mtu mwenye kimo cha futi 6 aweza kusimama wima katika upana gani? Jibu ni futi 9 na nusu hivi, katikati tu; kwingineko kote atainama kama aingiaye bandani mwa kuku. Sasa tuinue kipaa kimoja, tujenge ukuta wa futi 7 kwenda juu, futi 2 ndani ya ukingo wa paa. Upana wa kusimama wafika karibu futi 15. Hatukuongeza hata shubiri moja ya kiwanja, wala hatukuchimba msingi mpya, na nafasi ya mtu kusimama imeongezeka kwa zaidi ya nusu.

Sasa twendeni Marekani, tuone jambo hili lilivyotendeka kwa watu maelfu. Vita vya mwaka 1939 hata 1945 vilipokwisha, askari walirudi kwao wakaoa, lakini nyumba zilikuwa adimu. Wengi walikaa kwa wazazi wao au kwa wakwe zao, mke na mume na mtoto katika chumba kimoja. Mwaka 1947 mzee Abraham Levitt na wanawe wawili, William na Alfred, walianza kujenga nyumba katika mashamba ya viazi ya Long Island, karibu na mji wa New York. Mahali hapo pakaitwa Levittown. Walijenga kwa kugawanya kazi: kundi hili la wafanya kazi lilimwaga zege na kwenda nyumba ya pili, kundi jingine likaja kusimamisha kuta, jingine kupaka rangi, na kila kundi lilijua kazi yake moja tu. Hata mwaka 1951 zilikuwa zimejengwa nyumba 17,447.

Nyumba za kwanza zilikuwa ndogo, eneo lake futi za mraba 750 hivi. Zilikuwa na sebule, jiko, bafu na vyumba viwili vya kulala. Hapo mwanzo zilipangishwa kwa dola 60 kwa mwezi. Lakini ndani mlikuwa na jambo moja la akili sana: ngazi iliyopanda mpaka dari, na dari ile iliachwa makusudi bila kumalizwa. Mjenzi alikuwa kama anamwambia mwenye nyumba, "Hiki nimekupa leo kwa fedha uliyo nayo. Kile cha juu ukimalize mwenyewe, watoto watakapokuja."

Nao wakaja, na kazi ikaanza. Mume alirudi kazini jioni akavua koti akashika msumeno. Siku ya Jumamosi jirani alikuja kumshikia ubao, na wiki iliyofuata yeye akaenda kwa jirani. Huyu alitoboa madirisha mawili madogo upande wa mbele, yule akainua kipaa chote cha nyuma akapata vyumba viwili na bafu. Katika miaka ya 1950 lilikuwako hata gazeti, jina lake Thousand Lanes, lililowapa wenyeji mashauri ya kupanua nyumba zao. Watu wa nje walikuwa wamezicheka nyumba zile kwamba zafanana kama mayai. Lakini miaka ilipopita ikawa kazi ngumu kuikuta hata moja iliyobaki na umbo lake la kwanza.

Hatuwezi kuisifu habari hii na kuficha ubaya wake. Katika mapatano ya kupanga yaliandikwa maneno ya kumkataza mtu asiye mzungu kukaa katika nyumba zile, isipokuwa awe mtumishi. Askari mweusi aliyepigana katika vita vile vile alifukuzwa mlangoni. Mwaka 1948 mahakama kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kuyatia nguvu mapatano ya namna hiyo, na mwaka 1949 maneno yale yakaondolewa katika karatasi. Hata hivyo watu weusi waliendelea kukataliwa. Nyumba iliyokuwa na nafasi ya kuongezwa juu haikuwa na nafasi kwake pale mlangoni. Tukijifunza ufundi wa watu, yafaa tujifunze na makosa yao pia.

Na sasa ufundi wenyewe. Kila mmoja mwenye kitabu akifungue katikati, akisimamishe mezani kama paa, mgongo wake juu. Bonyezeni mgongo kwa kidole. Mwaona nini? Miguu ya kitabu yateleza kwenda nje. Ndivyo lifanyavyo kila paa: uzito wake hauzibani kuta kwenda chini tu, huzisukuma nje vile vile. Sasa fungeni uzi kutoka mguu mmoja hata mguu wa pili, mbonyeze tena. Kitabu kimesimama. Uzi ule ndio boriti za dari, na miguu ya kitabu ndiyo makombamoyo, au kenchi, kama wasemavyo maseremala. Kombamoyo la upande huu laegemea kombamoyo la upande ule. Basi mtu akikata moja ili apate tundu la dirisha, lile la pili lamwegemea nani?

Swali hilo sisi tulilijibu kwa hasara. Tulipokuwa vijana wanafunzi, tulikaa katika nyumba moja ya shule, milimani, yenye paa la bati lililosimama sana. Wanafunzi waliongezeka, vitanda havikutosha, ikaamriwa tulale darini. Dari ilikuwa na giza. Fundi aliitwa kutoboa dirisha la paani, na sisi wenyewe ndio tuliomshikia msumeno. Makombamoyo matatu yakakatwa katika muda wa asubuhi moja. Dirisha likawekwa, tukafurahi sana. Kwa mara ya kwanza tuliweza kusoma kule juu bila taa.

Masika yakaja. Kwanza mlango wa chumba cha chini ukakataa kufungika. Tukailaumu mvua, tukasema mbao zimevimba, tukaupiga randa. Baada ya siku chache ukakataa tena, tukaupiga randa tena. Ndipo akapita seremala mzee wa kijiji kile, mtu asiyejua kusoma. Hakuutazama mlango hata kidogo. Alipanda darini, akavuta uzi kutoka mwanzo wa mwamba hata mwisho wake, akatuonyesha: mwamba ulikuwa umeshuka vidole vitatu pale juu ya dirisha letu. Chini yake palikuwa na vitanda sita, na kimoja katika hivyo kilikuwa chetu. Akatuambia tu, "Wanangu, mlango unalia, lakini anayeumwa ni mwamba." Usiku ule tulilala darasani. Kesho yake alisimamisha nguzo, akauinua mwamba kidogo kidogo, akaitengeneza kazi yote upya. Mtu hakuumia, lakini tangu siku ile hatujapata kuona mlango uliokwama bila kutazama juu.

Alivyotengeneza yule mzee ndivyo ifundishwavyo hata leo katika shule za ufundi, nasi twaweza kuyapanga mambo yake hivi. Jambo la kwanza ni kuzijaribu boriti za dari, kwa maana boriti iliyowekwa kushika dari tupu haikukusudiwa kubeba vitanda na watu. Ikiwa nyembamba, na iongezwe nyingine kando yake. La pili, makombamoyo yanayobaki kulia na kushoto kwa tundu yafanywe mawili mawili, yakipigiliwa pamoja, na boriti nene fupi zikingamishwe juu na chini ya tundu, ili uzito wa yale yaliyokatwa upite kando na kushuka ukutani. La tatu, kama kipaa kizima chainuliwa, mwamba hauwezi tena kuwa ubao tu wa kuunganishia. Sharti uwe boriti kweli, wenye nguzo chini yake, na nguzo hizo zifike hata msingi. Kabla ya msumeno kugusa kombamoyo hata moja, paa hushikwa kwa nguzo za muda, nazo hukaa mpaka kazi iishe.

La nne ni maji. Pale ambapo kuta za dirisha hukutana na paa, ndipo mvua itafutapo njia. Huwekwa mabamba ya risasi au ya bati, na kila bamba la juu hulilalia la chini yake, kama magamba ya samaki. Mafundi wengi wavivu hupaka lami tu, nayo hupasuka kwa jua. Na la tano ni moto. Mtu alalaye juu awe na njia mbili za kutoka: ngazi imara, na dirisha ambalo mtu mzima aweza kupita. Dirisha lipitishalo kichwa tu lafaa kwa kuchungulia, halifai kwa kuokoa.

Yako na mambo ya nchi zetu wenyewe. Chumba kilicho chini ya bati huwa kama tanuri wakati wa jua kali. Atakayejenga darini katika nchi ya joto na apigilie mbao au mikeka chini ya bati, aache nafasi kati yake, na afungue matundu juu karibu na mwamba, maana hewa ya moto hupanda na hapo ndipo itokapo. Na penye makuti au nyasi, asilaze watoto juu ya meko.

Lakini faida kubwa katika habari hii ni kwa yule ambaye hajajenga bado. Vijana wengi hungoja mpaka wapate fedha ya nyumba kubwa, na fedha haiji. Wengine hujenga kubwa kwa kukopa, wakaishi ndani ya deni. Iko njia ya katikati. Jenga ndogo, lakini ijenge ukijua itakua: msingi uwe imara kupita haja ya leo, boriti ziwe nene, na mahali pa ngazi pakumbukwe tangu siku ya kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Na wewe ambaye nyumba yako imekwisha simama, leo jioni tazama mwamba wa paa lako kama umenyoka, kisha ufunge mlango wako polepole. Ukikwama, usikimbilie randa.