Posta, Kompyuta na Haki ya Mnyonge

Watu wengi huihesabu michezo ya kuigiza ya televisheni kuwa burudani ya jioni tu, kitu cha kupumzishia akili baada ya kazi. Lakini upo mchezo mmoja wa Uingereza ambao mtumishi wa umma na mwalimu wa nchi yoyote wangefaidika kuutazama kwa makini. Jina lake ni Mr Bates vs The Post Office. Mtungaji wake ni Gwyneth Hughes, na kituo cha ITV kiliuonyesha kwa sehemu nne, kuanzia tarehe 1 hadi 4 Januari, 2024.

Kisa chake ni cha kweli. Mnamo mwaka 1999 Shirika la Posta la nchi hiyo lilianza kuweka katika posta ndogo za mitaani na vijijini mfumo wa hesabu wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni iliyokuwa chini ya Fujitsu. Wasimamizi wa posta hizo, wengi wao wenye maduka madogo, walifanya kazi kwa mkataba, na Shirika liliwabana kwa mkataba huo walipe upungufu wowote ulioonekana katika hesabu. Mfumo ulikuwa na kasoro, ukaonyesha upungufu ambao haukuwapo. Wasimamizi walilipa kwa akiba zao, wakakopa, wengine wakapoteza nyumba. Wengi walishtakiwa kwa wizi au kwa hesabu za uongo. Hadi mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani. Karibu 700 kati yao walishtakiwa na Shirika lenyewe, ambalo ndilo lililodai fedha, ndilo lililopeleleza, na ndilo lililoendesha mashtaka.

Sifa kubwa ya mchezo huu ni utulivu wake. Hamna bunduki wala magari yanayofukuzana. Monica Dolan anaigiza nafasi ya Jo Hamilton, msimamizi wa posta ya kijiji cha South Warnborough. Mama huyo anapiga simu makao makuu kuomba msaada, anafuata maagizo hatua kwa hatua, na upungufu unaongezeka maradufu mbele ya macho yake. Mtazamaji huona hapo jinsi mtu mwaminifu anavyoweza kuanza kujitilia shaka mwenyewe.

Wasimamizi wengi waliopiga simu kama yeye walijibiwa kwamba hakuna mwingine mwenye tatizo hilo. Jibu hilo ndilo kiini cha mkasa wote. Kila mmoja aliachwa aamini kwamba yuko peke yake, huku majalada ya wenzake yakijazana katika makabati ya ofisi ile ile. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Dhuluma ilianza kushindwa pale Alan Bates, anayeigizwa na Toby Jones, alipowakutanisha wenzake mwaka 2009 katika ukumbi wa kijiji cha Fenny Compton.

Sheria nayo ilikuwa upande wa mashini. Kuanzia mwaka 2000 mahakama za Uingereza na Wales zilichukulia kwamba kompyuta imefanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwenye duka wa kijijini, asiyeruhusiwa kuona kumbukumbu za ndani za mfumo, angethibitishaje?

Mchezo huu una upungufu wake pia. Lawama imewekwa zaidi kwenye nyuso chache za wakuu, hata mtazamaji akazima televisheni akiwachukia watu wawili watatu. Ukweli ni kwamba dhuluma ya namna hii ilihitaji mikono mingi: mkaguzi aliyehesabu noti bila kuuliza, karani aliyepokea malalamiko bila kuyajumlisha, mwanasheria aliyepeleka kesi mahakamani akiwa na mashaka moyoni. Hao walistahili kuonyeshwa zaidi, kwa sababu ndio wanaofanana na mtazamaji.

Baada ya mchezo kuonyeshwa, hasira ya wananchi iliwaka. Mkuu wa zamani wa Shirika, Paula Vennells, alirudisha nishani yake ya heshima, na mwezi Mei, 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta kwa pamoja hukumu zilizotokana na Horizon. Wengi wanausifu mchezo kwa ushindi huo. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ina aibu ndani yake. Mahakama Kuu ilikwisha kutamka mwaka 2019 kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu 39 kwa siku moja. Ukweli ulikuwa mezani, lakini viongozi hawakuharakisha mpaka waigizaji walipouonyesha. Ripoti ya uchunguzi ya Julai, 2025 ilisema kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya mkasa huo. Kwao mchezo ulichelewa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika mkasa huu ilichukua miaka ishirini, kwa sababu wengi waliokuwa njiani walikaa kimya.

Ndugu wasikilizaji, cheo ni dhamana. Mtumishi anayepokea lalamiko la kumi linalofanana na yale tisa ya kwanza ana wajibu wa kuyaweka pamoja na kuuliza, hata kama swali litamuudhi mkubwa wake. Mwalimu naye ana wajibu wa kumfundisha mtoto kwamba jibu la mashini ni la kukaguliwa kama jibu la mtu. Taifa linalosubiri mchezo wa televisheni ndipo lisikie kilio cha raia wake limekwisha kuwapoteza wengi.