BWANA AFYA AKIJA TUSIFICHE
(Maneno ya Katibu wa Chama mkutanoni)

Ndugu wanakijiji na wanaushirika,

Leo nasema juu ya ukaguzi. Bwana Afya akija hukagua kisima, choo cha shule, choo cha soko na vilabu vya pombe. Nasi tukisikia anakuja, tunafagia upesi upesi. Mimi mwenyewe zamani, nikiwa mjumbe, nilikipiga kufuli choo kilichojaa ili asikione. Akaondoka. Mvua iliponyesha, uchafu ukatiririka mpaka kisimani. Watoto wakaharisha, na wangu akiwamo. Je, nilimdanganya nani?

Mwaka 1973 wazee wetu walifundishwa kwa redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakachimba vyoo nchi nzima. Somo ni lile lile: kipindupindu huingia kwa mdomo, kwa maji au chakula chenye kinyesi. Choo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, tena upande wa chini wa mteremko. Maji ya kunywa yachemshwe.

Basi ndugu zangu, Bwana Afya akija tumwonyeshe kwanza palipoharibika. Akishaondoka tujikague wenyewe kila Jumamosi. Yeye anakaa siku moja, sisi tunakunywa maji haya kila siku.

Ni mimi, Katibu wenu.